Bibi wa Sehemu ya Tisa

Siku mlango ulipogongwa bila yeye, seremala alikuwa chooni.

Alirudi mbio akijifuta mikono kwenye suruali, akijua amechelewa na atasemwa. Badala yake alikuta watu wanapiga makofi. Mwongozaji alikuwa amesimama juu ya kreti, kidole gumba hewani.

"Bibi!" alimwita, maana hilo ndilo lilikuwa jina lake pale kazini. "Leo umegonga kwa hisia. Umechelewa kidogo, halafu pwa, moja tu. Hata mimi nimeshtuka."

Seremala alitazama nyundo yake ya mti. Ilikuwa juu ya kigoda, pale pale alipoiacha. Alifungua mdomo aseme kwamba hakuwepo, akakumbuka kwamba aliyekatazwa kuondoka mahali pake kabla ya taa kuzimwa ni yeye. Akafunga mdomo.

"Asante, mkubwa," akasema.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua likipenya kwenye mabati ya ghala. Ghala hilo zamani liliwekwa magunia. Ndani yake seremala alikuwa amejenga nyumba: sebule yenye kuta tatu, jiko lenye bomba lisilotoa maji, dirisha lililotazama taa kubwa iliyojifanya jua. Mchezo uliitwa Sogeeni Tukae. Ulikuwa wa vichekesho, wa watu wazima, ukirushwa kwenye televisheni watoto wakishalala kwa sababu baba wa mchezo, dereva wa lori la taka, hakuwa na breki mdomoni. Mama alikuwa mfua mashuka wa hoteli. Walikuwa na vijana wawili wakubwa wasiotaka kuhama, na nyuma ya mlango wa kahawia, pembeni mwa meza ya chakula, aliishi Bibi.

Bibi hakuonekana hata siku moja. Hicho ndicho kilikuwa kichekesho. Kila jambo la nyumba ile lilipelekwa mlangoni pake. Baba angesimama pale na kofia kifuani: "Bibi, eti mimi ni mvivu?" Mlango ungegongwa mara moja, yaani ndiyo. "Bibi, eti nihame?" Mara mbili, yaani hapana, lakini baada ya kimya kirefu. Kisha mama angeusogeza mlango kidogo, apitishe sahani, aseme kwa sauti ile ambayo watu wachache waliotazama waliipenda: "Bibi wetu, kula. Sogeeni, sogeeni tukae."

Nyuma ya mlango hapakuwa na chumba. Palikuwa na hatua mbili za sakafu ya saruji, kigoda, seremala, kisha ukuta wa ghala. Sahani aliipokea yeye na chakula alikila yeye. Wenzake walimtania kwamba mchezo mzima unamlisha bibi mmoja mwenye ndevu.

Wiki iliyofuata, tonge la kwanza lilikuwa mkononi mwake alipoitwa aje kukaza bawaba ya kabati. Aliiweka sahani chini, akaenda, akarudi. Sahani ilikuwa safi. Haikuwa imelambwa na paka. Ilikuwa kavu, kama iliyooshwa ikafutwa na kitambaa, na palinuka harufu ya nguo zilizokaa sandukuni miaka mingi. Alicheka peke yake. Akajisemea kuna mhuni ana njaa. Hata hivyo, tangu siku hiyo alikaa juu ya kigoda mgongo ukiwa ukutani, akitazama upande, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi.

Tusimlaumu. Ni wangapi wetu tumesikia jambo tukalipa jina dogo ili siku iendelee?

Watu hawakuupenda mchezo. Waliohojiwa mtaani walisema hayo wanayaishi. Kwa nini wakae tena kuyatazama? Mwandishi wake, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliona mambo yanaelekea pabaya akaamua kutoa silaha yake ya mwisho. Katika sehemu ya tisa, mlango ungefunguliwa na Bibi angetoka. Sehemu ya nane ilimalizikia hapo: baba akiwa amepiga magoti kizingitini, bila mzaha kwa mara ya kwanza, akisema, "Bibi, kesho mlango tutaufungua. Utakula nasi mezani."

Walilirudia tukio hilo mara kumi na moja, kwa sababu taa moja ilikuwa inawaka na kuzima. Mara kumi na moja mtu mzima alipiga magoti akamwahidi asiyekuwepo. Seremala aligonga mara kumi na moja. Ila mtu wa sauti, aliyevaa visikizi, alikunja uso mwishoni.

"Bibi, punguza. Unagonga mara mbili mbili. Yako, halafu ya pili kwa mbali, kama mwangwi."

"Ni ghala hili," seremala akasema.

"Miezi miwili tumo humu, mwangwi haujawahi kuwepo."

Asubuhi ya sehemu ya tisa, mama wa mchezo alikuwa anapanga sahani mezani, mkubwa wa kituo akaingia na viatu vyake vya kung'aa, akasema maneno machache. Mchezo umesimamishwa. Ghala linatakiwa tupu kabla ya jua kuzama. Kila mtu achukue anachoweza kubeba.

Mama wa mchezo aliondoka na mapazia. Baba alichukua kiti chake. Seremala aliung'oa mlango wa Bibi. Aliutengeneza kwa mbao ngumu, kwa mkono wake, kwa uangalifu ambao hakuna kamera ingeuona, na nyumbani kwake chumba cha mama yake kilikuwa na pazia tu. Alipoufungua ule mlango kwa mara ya mwisho pale ghalani, aliona zile hatua mbili za sakafu, na kigoda. Kigoda kilikuwa kimegeuzwa kutazama mezani.

*

Mama yake alianguka miaka minne nyuma, na tangu hapo miguu haikumsikiliza. Mdomo ulibaki mzima. Alikuwa na jina moja tu la mwanawe, Kijiti, alilompa alipokuwa mtoto mwembamba, na hakuliacha hata baada ya Kijiti kuota kitambi. Mkwewe, mke wa seremala, mama huyo alimpenda kwa njia yake, yaani kwa kumwambia kila siku kwamba chumvi imezidi.

Seremala aliufunga mlango, akaupaka rangi, akarudi nyuma kuutazama.

"Sasa unalala kama malkia," akamwambia.

Mama yake alinusa hewa. "Kijiti, mlango huu unanuka nyumba ya watu."

"Ni rangi, mama."

"Rangi naijua. Nimesema nyumba ya watu."

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu mke wa seremala alikuwa anapepeta mchele akasikia mlango ukigongwa kutoka ndani, mara moja. Akaenda. Mama mkwe alikuwa amelala chali kitandani, hatua nne kutoka mlangoni.

"Umeniita, mama?"

"Mimi? Ningekuita ningetumia mdomo. Nani anagonga? Tangu asubuhi anagonga, na hanijibu nikimuuliza anataka nini." Kisha akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Mwambie Kijiti aurudishe alikoutoa."

Mke alimwambia mumewe jioni hiyo. Seremala alisema atautoa Jumapili, akiwa na nafasi. Alisema kwa wepesi. Lakini alikula akiwa ameupa mlango mgongo, na kila kijiko kilipogonga sahani bega lake moja lilipanda.

Alhamisi walipoamka, mama alikuwa ameketi sebuleni.

Alikuwa kwenye kiti cha mikono, amejifunga khanga yake ya kila siku, nywele zimechanwa. Miguu yake ilikuwa imekanyaga sakafu sawasawa. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa nyuma yake.

"Nimepata nafuu," akasema, akatabasamu. "Mwanangu, njoo unione."

Seremala alilia kama mtoto, akamkumbatia, akazunguka nyumba akiwaita majirani kupitia dirishani. Mke alichemsha uji. Mama aliunywa wote, akafuta midomo, akasema, "Asante, binti yangu. Mtamu."

Mke alikwenda jikoni akasimama akiwa ameshika sufuria. Mumewe akamfuata.

"Una nini?"

"Ameniambia mtamu."

"Si jambo jema?"

"Miaka kumi na tatu," mke akanong'ona, "miaka kumi na tatu nimesubiri neno hilo, na leo nimelipata nasikia baridi mgongoni. Chumvi sikutia kabisa. Nilisahau."

Mchana alikwenda kuchukua mashuka chumbani ayafue. Alishika kitasa. Pwa. Mlio ulitoka ndani ya chumba, chini chini, karibu na sakafu. Aligeuka. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, mikono mapajani, anamtazama.

"Usifungue, binti yangu," akasema kwa upole. "Humo kuna kitu kibaya. Ndicho kilichonitoa mbio hata miguu ikapona. Mimi nitalala hapa hapa na nyinyi."

Mke aliachia kitasa, na hakukigusa tena.

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Mlio wa kugonga ulikuja, ukakoma, ukaja tena, wakati mwingine mara tatu, wakati mwingine mikwaruzo kama kucha kwenye mbao, na kila ulipokuja mama kwenye kiti aliinamisha kichwa na kusema, "Kinasumbua kweli," kama mtu anayesemea mtoto wa jirani. Ijumaa saa sita mchana walikaa kula. Seremala alikuwa anasogeza sahani, mama akanyoosha mkono juu ya meza na kusema kwa furaha, kwa sauti iliyopanda na kushuka pale pale ilipopaswa kupanda na kushuka, "Sogeeni, sogeeni tukae."

Kijiko kilimwanguka seremala.

"Umesikia wapi maneno hayo, mama?"

"Si mnasema kila siku?"

"Ulikuwa unalala wakati ule wa mchezo," seremala akasema, taratibu. "Hukuutazama hata mara moja."

"Labda alikusikia wewe ukiigiza," mke akadakia haraka, macho yakimsihi mumewe anyamaze. Naye alinyamaza. Alikuwa amezoea kunyamaza.

*

Walimwita muuguzi mstaafu wa mtaa wa pili, mama mnene mwenye pumzi fupi, ambaye watu walimwendea kwa mambo yasiyoandikwa kwenye vyeti vya hospitali. Aliusikiliza mlango akiwa ameweka sikio lake kwenye mbao, kama anavyosikiliza kifua. Seremala akamwambia yote, hata habari ya chooni. Alipomaliza alijisikia mwepesi na mwenye aibu.

"Jini halina kosa hapa," muuguzi akasema. "Hilo ni jini lisilo na kwao. Mmeliita bibi. Mmelilisha. Mmeliuliza shauri. Mmeliahidi meza, halafu mkazima taa mkaenda zenu bila hata kwaheri. Wewe ungefanyaje?"

"Tulikuwa tunaigiza."

"Lenyewe lingejuaje?" Akavuta pumzi. "Limeitwa na wengi, liagwe na hao hao. Walete. Na mtu yeyote asiufungue mlango mpaka liwe limeagwa. Mama mzazi abaki hapo kitini, tumwone."

Mama kwenye kiti akatikisa kichwa kukubali.

Jumamosi saa tisa alasiri walikuja. Mama wa mchezo alitoka kwenye saluni yake, kitana kikiwa bado kimechomekwa kwenye nywele. Baba wa mchezo alitoka kwenye lindo, amevaa sare. Mwandishi alileta ukurasa mmoja alioukunja mara nne. Hakuna aliyecheka, ingawa baba alijaribu: "Nimeigiza mbele ya watazamaji wachache, lakini leo tumevunja rekodi." Waliiweka meza mbele ya mlango, wakapanga sahani, pamoja na moja ya Bibi, wakaanza.

Ilikuwa ajabu kuwaona. Ndani ya sebule ile ya kweli, mchana kweupe, walikuwa familia tena. Baba alisimama mlangoni, kofia kifuani. "Bibi, sisi tunahama nyumba hii. Kazi imekwisha. Tumekuja kukuaga." Na seremala, akiwa amebana mgongo ukutani kwa mazoea, alitazama kila mahali isipokuwa mlangoni, na ndipo macho yake yalipoangukia kwenye kiti cha mikono, na kwenye uso wa mama yake, na kwenye midomo ya mama yake, iliyokuwa inachezacheza bila sauti, ikiyatamka maneno ya baba, yote, moja baada ya jingine, kabla baba mwenyewe hajayasema, maneno ambayo mwandishi alikuwa ameyaandika asubuhi ile ile na ambayo hakuna aliyekuwa amemsomea mama huyo.

"Bibi," baba akamalizia, "umekubali kutuacha?"

Mlango ulikaa kimya.

Pwa.

Mlio haukutoka mlangoni. Ulitoka kwenye mkono wa kiti. Wote waligeuka. Mama alikuwa amekunja kidole, akiwatabasamia, kisha akakiinua tena na kugonga mara ya pili.

Hapana.

Kisha, kutoka nyuma ya zile mbao ngumu alizozilainisha kwa mkono wake mwenyewe, chini kabisa, karibu na sakafu, seremala alisikia sauti iliyokauka, iliyochoka, yenye hasira, sauti aliyoisikia maisha yake yote ikimwita kutoka mtoni, kutoka shuleni, kutoka usingizini, ikisema neno moja ambalo kwa siku tatu hakuna aliyemwita nalo ndani ya nyumba ile na yeye hakuligundua pengo lake.

"Kijiti."

"Usifungue!" muuguzi akapiga kelele.

Alifungua.

Mama yake alikuwa sakafuni, shavu kizingitini, kikombe cha bati mkononi, kimebonyea kwa kugonga. Jagi la maji la kando ya kitanda lilikuwa limelala tupu pembeni yake. Midomo ilikuwa imepasuka. Seremala alimpakata. Alikuwa mwepesi kama kapu.

"Nimewaita mpaka sauti imekatika," akasema. "Nawasikia mnaongea. Nawasikia mnakula. Kijiti, mlikuwa mnakula na nani?"

Nyuma yao kiti kililia. Aliyekuwa kitini alikuwa amesimama. Khanga ilikuwa ya mama, uso ulikuwa wa mama, lakini alikuwa ameacha kujishughulisha nao, na ulianza kukaa vibaya, kama nguo ya kuazima. Harufu ya sanduku la zamani ilijaa chumba. Alitembea hadi mezani, akaketi mbele ya sahani yake, akamtazama baba wa mchezo.

"Ulisema kesho," akasema.

Baba alirudi nyuma hadi ukutani. Mwandishi alikuwa chini ya dirisha, ukurasa wake umeloa jasho. Muuguzi alikuwa anasoma maneno yake kwa pumzi fupi, na maneno hayakuwa yanafika popote. Ni mama wa mchezo aliyesogea. Baadaye alisema hakujua afanye nini, ila alijua sehemu ya tisa ilivyopaswa kuanza.

Alichukua upawa, akapakua. Mchuzi ulimwagika mezani. "Bibi wetu, kula," akasema. "Sogeeni." Hakuna aliyetikisika. "Sogeeni tukae, jamani!" akafoka, machozi yanamtoka, na baba akaja, na mwandishi akaja, wakaketi. Wakala. Vijiko viligonga sahani, na yule mgeni alikula polepole, macho yamefumba nusu, kama mtu aliyesikia habari za chakula miaka mingi bila kukionja. Mke wa seremala alisimama mlangoni pa jiko akiwa amejiziba mdomo. Mwishoni sahani ilikuwa kavu.

"Bibi," mama wa mchezo akasema, "tumekula pamoja. Tulichelewa, tusamehe. Sasa mchezo umekwisha. Nenda salama."

Mgeni alifikiri. Kisha akainuka, akaikunja khanga vizuri, akaiweka juu ya kiti. Kilichotoka nje ya mlango mkubwa, kwenye jua la alasiri, waliokuwepo hawakukubaliana kilifanana na nini. Mke alisema ni mwanamke. Mwandishi alisema ni mwanga uliokosea njia. Wote walisikia alichouliza kizingitini.

"Mtaniita tena lini?"

Muuguzi alimziba baba wa mchezo mdomo kwa kiganja, maana alikuwa ameshaufungua.

*

Ule mlango seremala aliukata vipande akavifukia, kila kimoja mahali pake. Pazia lilirudi. Mama yake alipata nguvu, akasema uji hauna chumvi, na mkwewe alikimbilia jikoni akalia kwa furaha.

Miezi sita ilipita. Jioni moja, kabla taa hazijawashwa, seremala alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mama akimkata kucha. Kupitia ukuta walisikia televisheni ya jirani, kisha muziki mfupi alioujua. Kituo kilikosa mchezo mpya, kikaamua kurudia wa zamani. Sasa kiliurusha mapema, familia nzima zikiwa macho. Majirani walikuwa wanacheka. Mara hii, inaonekana, watu waliupenda.

Sauti ya baba ilipenya ukutani, bila mzaha. "Bibi, kesho mlango tutaufungua. Utakula nasi mezani."

Mama alivuta mguu wake. "Kijiti, huyo anamwahidi nani?"

Seremala aliacha kukata kucha. Alikuwa anasubiri mlio wa nyundo yake mwenyewe, ule wa miezi ile, na ukaja: pwa, moja. Akaanza kushusha pumzi.

Kisha ukaja wa pili. Huo haukuwa na sauti ya televisheni. Ulikuwa wa mbao, wa karibu, kwenye mlango wa jirani.

Kicheko upande wa pili kikakatika, na jirani, mtu mkarimu asiye na kosa lolote, akaitikia kama sote tunavyoitikia.

"Karibu!"